Jina la Kujaza Mizani

Naanza kwa jina la Mwenye majina mazuri, Ambaye kila kiumbe kwake kina jina lake la haki, wala halipotei mbele Yake jina la aliyetupotea sisi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na aali zake, na sahaba zake, kwa idadi ya sauti zilizopata kuita na masikio yaliyopata kungoja.

Ama baada ya hayo: watu wa habari hii ni watano, nami nitampanga kwanza kila mmoja mahali pake, msomaji asije akapapasa.

Wa kwanza ni Lowell Prewitt, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo zake mwenyewe, mwana wa fundi wa pampu za mashambani kule Visalia, katika bonde la California. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa laini na ya chini, kama ya mtu anayekuhadithia jambo huku mtoto amelala chumba cha pili. Miaka ile sauti za namna hiyo zilijaza viwanja. Wa pili ni Gus Tramontana, mtayarishaji wa santuri, mnene, mcheshi, mtafunaji wa mbegu za alizeti. Kila alipokaa paliachwa maganda. Wa tatu ni Bibi Thelma Kuykendall wa Barstow, mji wa reli ulio jangwani. Wa nne ni binti yake, ambaye katika kisa chote hiki hakuna atakayemwona. Wa tano ni mimi, Shekuwe, mtunza kanda wa studio moja ya Hollywood kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuviringa kanda, kuziandikia lebo, na kunyamaza.

Mwezi wa Agosti mwaka 1973 Lowell alikuwa akimalizia santuri yake ya pili. Ya kwanza ilisikilizwa na jamaa zake na wanafunzi wachache wa vyuo, na kampuni ilikuwa imemwambia waziwazi kwamba ya pili isipotembea, ya tatu haitakuwapo.

Desturi ya watunzi wa mji ule ni kutanguliza lahani na kuchelewesha maneno. Mtu huipata sauti kwanza, kisha huiimba kwa chochote kinachomjia mdomoni, majina ya barabara, vyakula vilivyoandikwa ukutani mwa mkahawa wa jirani, ili nafasi isikae tupu. Akishayapata maneno ya kweli, huyaondoa yale ya kushikilia. Mshairi yeyote wa kwetu angeitambua kazi hiyo mara moja: ni kujaza mizani. Tofauti ni kwamba kwetu anayejaza mizani huchekwa siku ile ile na wenziwe.

Alasiri moja Lowell aliimba wimbo wa mwisho wa santuri ile. Beti zilikuwa tayari, ila kiitikio kilikuwa na pengo mwishoni. Alipofika penye pengo aliimba, "Niambie ulikokwenda, Ardella."

Gus akabonyeza kidude cha kusemea kutoka chumba cha mitambo. "Ardella ni nani?"

"Si mtu. Ni silabi tatu. Nataka kitu kinachoishia na a, mdomo ubaki wazi."

"Mkeo anazijua hizo silabi?"

"Gus, kesho nitaleta neno lenyewe."

"Kesho yako naijua mimi. Kesho yako imeshaota ndevu." Akatema ganda. "Shekuwe, wewe mtu wa mashairi, unasemaje?"

Nilisema kwamba jina limekaa vizuri, lakini lililokaa vizuri si lazima liwe limealikwa. Gus akacheka, akasema nikitaka kulipwa kwa mafumbo nihamie kanisani. Siku ya pili kampuni ikaitaka kanda kabla ya adhuhuri. Lowell alikuwa bado yuko njiani, neno lake la kweli likiwa halijazaliwa. Nikaandika lebo, nikafunga boksi, ikachukuliwa.

Kufika Desemba hapakuwa na gari lililopita Sunset Boulevard bila wimbo ule kutoka dirishani. Watu walifungia ndoa kwa wimbo huo. Wauguzi waliwaimbia wagonjwa. Na kila mtangazaji wa redio, kuanzia Seattle hadi Miami, alikuwa na swali moja tu.

Mwanzoni Lowell alijibu kweli. Alisema Ardella si mtu, ni silabi za kujazia. Watangazaji hawakulipenda jibu hilo. Mmoja wa Cleveland alimwambia mbele ya wasikilizaji, "Kaka, mke wangu amelia kwa wimbo huu miezi miwili. Usiniambie amelilia silabi."

Gus akamweka kitako. "Lowell, sikiliza. Hakuna anayependa silabi. Wape mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Yeyote! Wewe si mtunzi? Tunga."

Katika tasnia ile kila mwimbaji alikuwa na hadithi ya kutanguliza kabla ya wimbo wake mkubwa. Husimama jukwaani, hukaza nyuzi za gitaa polepole, na huku akikaza husimulia. Lowell akatunga yake. Alisema alimkuta msichana katika kituo cha basi cha Barstow, amevaa koti la mvua la manjano, jangwani ambako mvua huonekana kwa bahati. Jino lake la mbele limevunjika pembeni. Wakazungumza. Msichana akasema anakwenda kununua barafu, basi likaja, wala hakumwona tena. Nilikuwapo siku alipoisimulia mara ya kwanza. Haikumpa taabu hata kidogo. Aliitoa kama mtu anayesoma.

Hadithi ikaenea. Kufika majira ya kuchipua, wasichana walianza kuja kwenye maonyesho yake wamevaa makoti ya mvua ya manjano. Kwanza wawili, kisha kumi, kisha safu nzima. Gus alifurahi hata akataka makoti hayo yauzwe mlangoni. Lowell alitazama chini kutoka jukwaani akaona manjano tupu, katika joto la Juni, nyuso zimeinuliwa, kila mmoja akingoja aitwe.

Kabla ya Juni hiyo, mwezi wa Machi 1974, ilikuja barua. Aliileta chumbani kwangu, kwenye rafu za kanda, akanipa niisome.

"Bwana Prewitt," iliandikwa kwa mwandiko wa shule ya zamani, "mimi ni mama yake Ardella. Nilimtuma barafu saa nne asubuhi, tarehe kumi na moja Machi 1971, amevaa koti lake la manjano. Jino lake limevunjika tangu ana miaka tisa. Sherifu wa polisi anasema hakuna aliyemwona baada yangu. Wewe umemwona baada yangu. Sikulaumu kwa lolote. Nataka kujua kitu kimoja: basi lile lilikuwa linakwenda wapi?" Chini yake: Thelma Kuykendall, na anwani ya Barstow.

"Mimi nilibuni," Lowell alisema. "Shekuwe, nilibuni yote."

"Na jino pia?"

"Hata jino! Naapa."

Tukaipeleka kwa Gus. Aliisoma akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliacha kutafuna. "Sadfa," akasema. "Nchi hii ina watu milioni mia mbili. Meno yaliyovunjika ni mangapi?"

"Na barafu?"

"Kila mtu hununua barafu."

"Nimjibu, Gus. Nimwambie sijapata kumwona mtoto wake."

"Halafu? Umeshasimulia mbele ya nusu ya Marekani kwamba ulikaa naye kituoni. Ukimjibu mama, kesho sherifu atataka kujua ulikuwa wapi Machi 1971. Ulikuwa wapi?"

Lowell alifikiri. Miaka ile alikuwa akiimba kwenye mahoteli ya Nevada, akipita jangwani kwenda na kurudi kila wiki. "Barabarani," akasema.

"Basi. Weka barua mfukoni, ndugu yangu, ukaimbe."

Barua hakuijibu. Machi iliyofuata ikaja nyingine, na Machi baada yake, kila moja na swali lile lile: basi lilikuwa linakwenda wapi? Nami ninashuhudia kwamba tangu barua ya kwanza hakuwahi kulitamka jina lile bila kwanza kumeza mate.

Alijaribu kulitoa. Huko Denver, mwaka 1976, alipofika kwenye kiitikio alitia jina jingine la silabi tatu. Hadhira haikumfuata. Watu elfu sita walilitamka la zamani kwa pamoja, kwa furaha, wakidhani mwenyewe amesahau. Alinihadithia aliporudi.

"Walimwita, Shekuwe. Binti wa watu, watu elfu sita kwa pumzi moja. Wakanyamaza kidogo wavute nyingine. Na katika kile kimya nilisikia mtu anataka kujibu."

"Alijibu?"

"Sikungoja. Nilipiga gitaa kwa nguvu nisimsikie."

Mwaka 1978 alikuja tena kwenye rafu zangu, akaniomba nimpigie kanda ya asili. Alitaka kusikia dakika ileile jina lilipotoka, labda angekumbuka lilitoka wapi. Ilikuwa mchana, jua limejaa barabarani, ila chumba cha kanda hakina dirisha. Niliiweka. Kabla ya kiitikio kile muziki husimama kwa muda wa pumzi mbili. Ndilo pambo la wimbo. Katika kimya hicho, kwa mbali sana, kama kutoka chini ya sakafu, tulisikia: Ardella. Kisha Lowell wa kwenye kanda akaimba: Ardella.

Akanishika mkono. "Nani anatangulia?"

Nilimweleza. Kanda ikikaa miaka mingi imeviringwa, tabaka hugandana na tabaka, na sauti iliyo kali hujichapa kwenye ya jirani; hivyo husikika kivuli chake kabla yake. Kila mtunza kanda anaijua kasoro hiyo. Lowell naye aliijua, alikuwa mtu wa studio. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Lakini si sauti yangu," nami nilirudisha kanda nyuma tukasikiliza tena, na namwachia Mola elimu ya nilichosikia.

Baada ya hapo akaacha kabisa kuuimba. Mwimbaji anayekataa wimbo wake mkubwa ni kama imamu anayeruka Fatiha: watu watasimama nyuma yake mara moja, mara ya pili hawapo. Kampuni ikamwacha. Mke akamwacha, kwa sababu zake, ingawa aliwahi kuniambia kwamba amechoka kuishi na mwanamke mwingine asiye na mwili. Kufika mwaka 1985 Lowell Prewitt alikuwa akiimba nyimbo za watu wengine katika kumbi za hoteli wakati watu wanakula, nywele zimemtoka utosini, na bado, kila alipomaliza, alikuwapo mzee mmoja wa kusema, "Hebu tupe ile ya Ardella."

Machi ya mwaka 1987 barua ilikuwa fupi. "Nina miaka sabini na moja, macho yanapofuka. Usiniandikie, sitaweza kusoma. Njoo uniambie kwa mdomo wako."

Gus alikuwa ameshastaafu, ana ugonjwa wa moyo, anaishi kwa mwanawe huko Burbank. Tulikwenda kumwamkia, naye akatoa ushauri wake wa mwisho kama atoaye sadaka.

"Mpe basi."

"Gus!"

"Mpe basi, Lowell. Sacramento. Mwambie lilikuwa linakwenda Sacramento, mtoto alikuwa anacheka, ana afya. Bibi kizee, kipofu. Itakupunguzia nini? Wewe umesema uongo kwa watu milioni kumi usiowajua, huyu mmoja ndiye atakushinda?"

"Na akienda Sacramento kumtafuta?"

"Haoni, bwana. Ataendaje?"

Tukashika njia ya Barstow. Mimi ndiye niliyeendesha. Tulipopita mji wa Victorville Lowell akauliza, "Wewe ungesemaje?" Nikamwambia kwamba katika dini yangu uongo wa kupatanisha watu una mlango wake mdogo, lakini sijui mlango wa kumpa mama mtoto asiyekuwapo. Akasema, "Sacramento si mji mbaya." Hapo nikajua kwamba bado hajaamua.

Nyumba ya Bibi Thelma ilikuwa karibu na yadi ya treni. Kila lilipopita behewa la mizigo, vikombe kabatini viliongea. Alitupokea mwenyewe, miguu imevimba, mbwa mzee akimfuata kisigino. Alikuwa ameandaa chai ya barafu na biskuti za chumvi na jibini.

"Yupi ndiye mwimbaji?"

"Mimi, mama."

"Sauti ndiyo hiyo hiyo. Nilidhani utakuwa mrefu." Akanigeukia upande niliokohoa. "Na huyu?"

"Ni Shekuwe, rafiki yangu. Anatunza kanda."

"Karibu, baba. Kunyweni chai kwanza. Nimengoja miaka kumi na sita, sitakufa kwa dakika tano."

Tukanywa. Treni ikapita, tukangoja ipite. Kisha akaweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, kama mtu anayezuia nguo isipeperuke.

"Haya, mwanangu. Lilikuwa linakwenda wapi?"

Lowell alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta jina la mji, na mji ulikuwa pale pale, silabi nne nyepesi. Bibi Thelma alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele, na uso wake wote ulikuwa umekuwa sikio.

"Hapakuwa na basi, mama," Lowell alisema. "Sikumwona. Sijapata kumwona mtoto wako hata siku moja."

Hakutikisika. "Kunywa chai yako."

"Mama, nisikilize. Nilikuwa natafuta neno la kumalizia wimbo. Nilihitaji silabi tatu, jina likanijia. Nilitaka kulibadilisha kesho yake. Hadithi ya kituo niliitunga baadaye, ili watu wa redio wanyamaze."

"Silabi tatu," alisema. Akazihesabu kwa vidole juu ya meza. "Ar. De. La. Ni kweli. Na jino?"

"Nilidhani nimelibuni."

"Na koti? Na barafu niliyomtuma mimi kwa kinywa changu?"

"Sijui, mama. Miaka yote hii sijui. Ndiyo iliyonimaliza."

Bibi akainuka. Kisha akaondoka, akipapasa ukingo wa meza, akaenda kwenye droo ya jikoni, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akamkunjulia.

"Hizi tulizibandika mimi na marehemu mume wangu. Kila kituo cha mafuta kutoka hapa mpaka Los Angeles, na upande huu mpaka Las Vegas. Karatasi mia nne. Nisomee."

Lowell akasoma kwa sauti. AMEPOTEA: ARDELLA JEAN KUYKENDALL, MIAKA 19. KOTI LA MVUA LA MANJANO. JINO LA MBELE LIMEVUNJIKA PEMBENI. ALIONDOKA MACHI 11, 1971, KWENDA KUNUNUA BARAFU. NJIA YAKE ILIPITA KARIBU NA KITUO CHA BASI, BARSTOW. Chini ilikuwa namba ya simu. Alipofika mwisho hakuwa na sauti tena; ile sauti iliyojaza viwanja ilikuwa imekwisha mezani pale.

"Baker," alisema. "Mama, ni mji wa Baker, njia ya Las Vegas. Gari langu lilichemka, nikangoja radieta ipoe. Karatasi ilikuwa imebandikwa juu ya mashine ya barafu ya kituo cha mafuta. Nilisimama mbele yake labda nusu saa. Niliisoma kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusoma."

"Ukasahau."

"Nikasahau. Nilisahau kwamba nilisoma, ila maneno yenyewe yalibaki. Yalipokuja nilidhani ni yangu."

Kosa hili, wasomaji wangu, hawezi kulifanya ila mtunzi. Mtu mwingine akisoma jina la aliyepotea, ama atalikumbuka kwa huruma, ama atalisahau likafa. Mtunzi peke yake ndiye hulisahau likiwa hai, likaingia ndani, likakaa gizani mpaka litakapohitajika.

"Kwa hiyo ni maneno yangu," alisema Bibi Thelma.

"Ni maneno yako, mama."

"Nimekuandikia miaka kumi na minne nikikuuliza habari niliyokupa mwenyewe."

Treni ndefu ikapita. Machozi yalikuwa yakimshuka Lowell, ila bibi macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa akimpapasa mbwa kichwani.

"Nitakwambia kitu," akasema. "Nilijua. Siku ya kwanza niliposikia wimbo hapa jikoni nilisema, huyu hamjui. Kwa sababu ungekutana naye, angekwambia anaitwa Dela. Hakuna mtu wa nyumbani aliyemwita Ardella. Hilo lilikuwa jina la shule, na jina la kugombezwa. Nililiandika kwenye karatasi kwa kuwa walitaka jina kamili." Akasita. "Asubuhi ile mimi nilimwita Ardella."

"Mama..."

"Nilijua humjui. Lakini nikajiambia, labda huko aliko amekuwa mtu mzima, ameanza kujiita jina kubwa. Mama hutafuta pa kushika."

Lowell akaifuta pua kwa kiganja. "Sitaimba tena wimbo huo. Mahali popote. Nakuahidi."

Hapo ndipo Bibi Thelma alipokasirika. Alipiga meza, vijiko vikaruka, mbwa akainuka.

"Thubutu! Karatasi zangu jua la huku lilizila kwa miaka miwili. Mia nne! Nilipita mwenyewe nikakuta weupe mtupu na misumari. Yako haijafifia. Inapigwa kwa daktari wa meno, inapigwa dukani. Wamama wangapi wanaotafuta wamepata karatasi kama hiyo? Na wewe unataka kuibandua?"

"Lakini nilidanganya."

"Basi acha kudanganya. Uimbe, na kabla ya kuimba uwasomee yangu. Hiyo hiyo. Tarehe, koti, jino, na simu ya nyumba hii."

Lowell akaitazama karatasi. "Unataka niimbe Dela badala yake?"

Bibi akafikiri sana. "Hapana. Dela ni la humu ndani. Wewe mwite kama walivyomwita watu wa nje. Dela niachie mimi."

Tulirudi jua likiwa bado juu. Wiki mbili baadaye, katika ukumbi wa hoteli huko Reno, wakati wa chakula cha mchana, Lowell alisimama akakaza nyuzi polepole, na mahali pa hadithi ya kituo cha basi akasoma tangazo lote mpaka namba ya simu. Uma zilisimama hewani. Mtu mmoja akapaza sauti, "Imba, bwana, tunakula!" Akaimba. Alipolitaja jina aliondoa mkono kwenye gitaa, akaacha kimya kirefu, mara tatu ya kile cha kwenye santuri. Na watu wale, hata yule aliyepiga kelele, waliacha kutafuna wakasikiliza. Wengine waligeuka kutazama mlangoni.

Hoteli ile haikumwita tena. Waliofunga ndoa kwa wimbo ule walimwandikia barua za matusi, kwamba amewaharibia siku yao. Gus alimpigia simu, miezi michache kabla ya kufa. "Umegeuza wimbo wa mapenzi kuwa tangazo la polisi."

"Ulikuwa hivyo tangu mwanzo, Gus. Sisi ndio tuliougeuza."

"Na makoti ya manjano?"

"Hawaji tena."

"Afadhali," alisema Gus, na hilo lilinishangaza, nilipohadithiwa.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa katika kumbi ndogo: maktaba, vilabu vya wanajeshi wastaafu, shule za miji ya pembezoni. Aliimba kila mahali walipomruhusu kusoma kwanza. Bibi Thelma alikufa mwaka 1994, amelala, na mwisho wa uhai wake Lowell alikuwa akimtembelea kila Machi. Simu ya nyumba ile ikahamishiwa kwa Lowell. Kabla ya kufa bibi alimpa amana: yeyote atakayepiga na kusema kwamba yeye ndiye, aulizwe nyumbani walikuwa wakimwitaje.

Wamepiga wengi. Wengine wagonjwa wa akili, wengine wapweke, wengine wanataka tu kuisikia ile sauti bure. Lowell huwauliza swali, wao hujibu Ardy, au Jean, au huanza kulia. Mwaka 2003 alipiga mwanamke mmoja ambaye hakusema kwamba yeye ni nani. Aliuliza kama mama bado yuko. Lowell akamwambia kweli, kisha akamwuliza lile swali. Mwanamke yule alinyamaza muda mrefu. Lowell anasema alisikia treni, ama upande ule, ama kichwani mwake mwenyewe. Kisha simu ikawekwa, polepole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe waliolala. Haikupigwa tena. Kama ndiye au siye, hakujua, wala mimi sijui.

Sasa Lowell ana miaka zaidi ya themanini na sauti imembakia kidogo, ila simu iko kando ya kitanda chake. Nami imenilazimu kuungama jambo moja. Jina la ndani nililoliandika hapa, lile la silabi mbili, silo. La kweli bado lina kazi, nami nisingeweza kulianika kwa kila mwenye kusoma. Nimeweka jingine la uzito ule ule, ili mizani itimie. Mola anisamehe.

Nami namuomba Yeye Asikiaye kabla ya kuitwa: wale waliotangulia katika hawa tuwaachie hukumu Yake, maana Yeye ni mpole kuliko sisi. Na waliobaki, aliye kando ya simu, na aliye barabara asiyoijua mama yake, na kila mzazi aliyebandika karatasi juani, awape subira isiyowavunja, awafikishe wanaotafutwa kwa wanaowatafuta, hapa au Kwake, na amwite kila mmoja wao kwa jina aliloitwa nyumbani. Amina.